Eda ya Machimboni

Kijijini kwa bibi yangu jiko halikamiliki bila tofali la Machimboni. Mafiga yote matatu hutoka kule: ya rangi ya manjano iliyofifia, mazito kuliko yanavyoonekana, yamepigwa chapa ya herufi za kizungu ambazo hakuna anayejua maana yake. Jiwe la kawaida likikaa motoni hupasuka. Tofali la Machimboni humzika mpishi. Bibi aliyapenda matofali yake na akawachukia walioyachoma, na sikuwahi kumwona akihangaika kuyapatanisha hayo mawili.

Kijiji kiko bara kidogo kutoka Tongoni. Wageni hushuka Tongoni kutazama msikiti wa kale na makaburi yake, wakapiga picha, wakarudi mjini. Kwetu hakuna aliyewahi kuja kupiga picha, ingawa na sisi tuna magofu. Dohani la tanuru limesimama nusu. Reli za vigari zimeng'olewa zote zikauzwa chuma chakavu. Kuna mashimo yaliyojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, ambayo yamekwisha meza mbuzi wa watu wengi, na kuna lundo la mabaki ya makaa ambalo mvua ikinyesha hufuka moshi lenyewe, ingawa waliolimwaga pale wamekufa siku nyingi. Nilipokuwa mdogo nikitoka Chumbageni, mjini Tanga, kwenda likizo kwa bibi, nilidhani kila kijiji kina kilima kinachofuka moshi.

Enzi za Mwingereza palichimbwa vitu viwili pale. Kwanza udongo wa kijivu unaostahimili moto, uliofanywa matofali ya kujengea matanuri ya viwanda vya mkonge. Pili makaa ya mawe, ukanda mwembamba tu, makaa mabovu yenye moshi kuliko moto, yaliyotumika palepale kuchomea matofali hayo. Mdomo wa shimo ulikuwa mmoja. Ukiingia, njia ya kulia ilikwenda udongoni na ya kushoto ilikwenda makaani.

Watu wa udongoni walikuwa wengi, na waliingia miguu mitupu, maana udongo ule ukiwa mbichi hunyonya kiatu usikione tena. Kwa hiyo kila mtu alivua viatu vyake mdomoni mwa shimo, akavipanga kama mlangoni mwa msikiti. Mwisho wa kazi msimamizi hakuwa na haja ya kuita majina. Alitazama viatu. Vilivyobaki, mwenyewe yumo ndani. Watu wa makaani walikuwa wachache, wengi wao wametoka milimani Usambara, na wao waliingia na katambuga zao za matairi ya gari miguuni, kwa sababu kule chini palikuwa na mawe makali na mahali pengine sakafu ilichoma nyayo. Hao wote walijulikana kwa sura, na hakuna aliyewatafutia viatu nje.

Babu yangu mzaa mama alitoka milimani pia, lakini alikuwa mtu wa udongoni. Mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole. Kigari cha mgodi kilivikata mwaka alipoanza kazi. Alimwoa bibi akiwa msichana mbichi wa pwani, na watu wa kwao bibi hawakufurahi. Siku shimo lilipoporomoka bibi alikuwa na mimba ya mama yangu, na asubuhi yake walikuwa wamegombana. Babu alitaka wahame, waende Mombasa, akisema shimo lile lina sauti asizozipenda. Bibi alimwambia kama anataka kwenda na aende.

Kilio kilipopigwa, wanawake wote walikimbilia Machimboni. Bibi naye alikimbia na tumbo lake. Pale mdomoni vumbi lilikuwa bado linatoka, na wanawake walikuwa wameinama wanatafuta viatu. Aliyeona vya mumewe alianguka palepale. Bibi alitafuta akarudia. Akageuza viatu vya watu mpaka akafukuzwa. Vya kwake havikuwapo.

Akashukuru Mungu. Aliniambia mwenyewe kwamba alisema alhamdulillahi kwa sauti, katikati ya wajane, na kwamba wako ambao hawakumsamehe kwa neno lile mpaka wanaingia kaburini. Akarudi nyumbani akapika, akamsubiri. Akasubiri wiki, akasubiri mwezi, mama yangu akazaliwa. Wazungu hawakuchimba kutoa maiti. Waliziba mdomo wa shimo kwa matofali yao wenyewe na baadaye wakafunga virago. Masheikh wakasomea maiti mlangoni pale, wakawataja waliomo, wa udongoni kwa viatu na wa makaani kwa sura. Babu hakutajwa. Lisemwalo lipo, kijiji kilisema: mtu wa bara huyo, alisema anakwenda Mombasa, amekwenda Mombasa. Bibi alipoona miaka inapita alikwenda kwa kadhi, akaeleza kwamba mume amemtupa, ndoa ikavunjwa, akaolewa na mvuvi mmoja mtaratibu, akamzalia mjomba wangu.

Kwa hiyo mimi nilikua na babu wawili: mmoja mvuvi, aliyenibeba mabegani, na mmoja mtoro. Desturi yetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza kwa utani, na bibi alinitania kwa huyo wa pili.

“Mke mwenzangu,” aliniita nikichelewa dukani, “waona mumeo alivyokurithisha miguu? Miguu ya njia hiyo!”

Tulicheka wote. Mama hakucheka. Mama aliposomeshwa Kurani, watoto wenzake walimuuliza baba yako Mombasa anakuletea nini sikukuu. Alipoolewa, baba hayupo wala ndugu wa baba hawajulikani, kadhi ndiye aliyesimama kuwa walii wake, na mbele ya wageni ilibidi itamkwe kwamba baba wa bibi harusi hajulikani aliko. Sijawahi kumsikia mama akitamka neno “baba” bila kuongeza jina la yule mvuvi nyuma yake, ili mtu asidhani anamsema mwingine.

Na bibi alilaani. Utani ulikuwa wangu mimi. Usiku na mchana mwingine ulikuwa wa laana. Ugali ukiungua, alaaniwe. Paa likivuja, Mungu amvujishie huko aliko. Alimlaani hata alipokuwa mke wa mtu mwingine, na yule mvuvi, Mungu amrehemu, alikuwa anatoka nje kwanza, akarudi laana zikiisha.

Miaka ya karibuni kampuni moja ya vigae ikapewa eneo la Machimboni. Udongo uleule uliowashinda Wazungu kumaliza umekuwa na soko tena. Zikaja mashine za kuchimba, zikakata kilima kwa ubavu badala ya kuingia kwa shimo. Mimi nilikuwa mjini kwenye cherehani yangu mama aliponipigia simu kusema mashine imefika kwenye ukuta wa matofali, na nyuma ya ukuta kuna mifupa.

Nilikasirika kabla sijaelewa kwa nini. Tangu nizaliwe kila mtu kijijini alijua kuna watu mle ndani. Dua inasomwa kila mwaka. Halafu likaletwa tingatinga, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekwenda kumwambia dereva, bwana, hapo taratibu, hapo pana watu. Wote walikuwa wakingojea ajira.

Dereva mwenyewe, mtu mzima mgeni wa Singida, ndiye pekee aliyefanya kilichostahili. Alizima mashine, akashuka, akakataa kuendelea hata msimamizi wake alipopiga kelele. Polisi wakaja na daktari, wakasema mifupa ni ya zamani, kijiji kipewe kizike. Mashine ilikuwa imeingilia upande wa kushoto, makaani. Mifupa ilikuwa ya watu watatu, nayo ilikuwa myeusi. Ikapangwa juu ya turubai pamoja na vilivyokutwa: sululu, taa mbili, na katambuga. Ngozi na nguo huoza, lakini tairi la gari halina habari na miaka.

Tulimpeleka bibi kwa bajaji. Hakuna aliyemwita, alitaka tu kwenda kuwapa pole wajane wa zamani waliobaki, ambao hawakuzidi wawili. Mimi nilimshika mkono, mama mkono wa pili. Alipita mbele ya turubai akisoma Fatiha kwa mdomo, kama mtu anayepita msibani kwa jirani. Akafika kwenye katambuga, akasimama.

Moja ilikuwa fupi. Ya mguu wa kushoto, imekatwa mbele kwa kisu, ikakatwa tena ukingoni isimkwaruze mtu kigutu cha vidole ambavyo hana.

Bibi hakulia. Aliinama, na kwa umri wake kuinama ni safari, akaiokota.

“Kumbe alivaa,” alisema.

Mama alinikodolea macho. Mimi nilikuwa bado sijaelewa, ikabidi mzee mmoja wa pale, ambaye baba yake alikuwa wa makaani, atueleze akiwa ametazama chini. Mtu wa makaani akiugua, msimamizi alimchukua yeyote wa udongoni kujazia. Na aliyepelekwa makaani havui. Atavuaje? Angeungua.

Ndivyo ilivyokuwa. Jambo dogo hivyo. Kila mtu wa kijiji kile alilijua, kuanzia watoto mpaka masheikh, kwamba wa makaani haachi viatu nje. Na kila mtu alitazama mdomoni mwa shimo, asione viatu vya mtu wa udongoni, akahukumu kwamba hayumo. Hakuna aliyejiuliza siku ile alipelekwa upande gani. Ilikuwa rahisi zaidi awe Mombasa. Mimi nawaambia watu waziwazi kwamba kama angekuwa mtoto wa pwani, mwenye mama na shangazi wa kumlilia pale, wangejiuliza. Wananiambia yaliyopita si ndwele. Kwao si ndwele kweli, wao hawakuugua.

Tulizika siku ya pili yake, kaburi moja kwa wote watatu, kwa kuwa mifupa ilikwisha changanyika. Wakati wa talakini shehe aliuliza jina la mama wa kila marehemu, maana maiti huitwa kwa mama yake. Wawili yalipatikana. La babu halikupatikana. Bibi alikumbuka alitajiwa zamani, akahangaika nalo, midomo ikawa inatafuta, halikuja. Shehe akamwita mwana wa Hawa, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mama yake hajulikani. Mama alikuwa amekaa barazani na wanawake. Alipoambiwa hivyo aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na mimi nilimwacha.

Jioni ya siku ya tatu, baada ya hitima, bibi alimwita shehe, mjomba, mama na mimi chumbani.

“Mie nakaa eda,” alisema.

Shehe ni mtu mwema, mtoto wa kijiji, bibi alimfunza kutembea. Alimweleza kwa upole kwamba eda yake ilikwisha zamani. “Bibi, mwenye mimba eda yake huisha akijifungua. Ulijua, hukujua, hesabu ni ileile. Ulitoka edani siku uliyomzaa huyu,” akamwonyesha mama. “Na ukaolewa kwa halali. Hapana kinachodaiwa kwako.”

“Siku niliyomzaa huyu,” bibi alisema, “nilikuwa namlaani babake. Uchungu wote, tangu alfajiri mpaka anatoka, namlaani. Aliyenizalisha aliniambia nyamaza, na mie sinyamazi. Hiyo nayo mwaiita eda?”

Shehe alisema kwamba hata hivyo si sheria, na kuzidisha katika dini si jambo jema.

“Sikukuuliza kama ni sheria, mwanangu.”

Mjomba ndiye aliyelipuka. Ni mtu wa miaka karibu sitini, mkata samaki wa soko la Tanga, na tangu habari ianze alikuwa hajasema neno. “Mama, babangu ulimkalia eda. Nguo nyeupe, ndani, huonekani, watu wote wameona. Leo wataka kumkalia mume mwingine juu yake? Watu waseme nini? Kwamba miaka yote ile babangu alikuwa amelala kitandani kwa mtu?”

“Babako alikuwa mume mwema. Sijamgusa.”

“Ukikaa eda hiyo, mie sikanyagi hapa.”

“Usikanyage, babu,” bibi alimwambia, bila hasira. Hilo neno, babu, ndilo alilomwitia tangu mchanga.

Mjomba akatoka. Nilimchukia kwa muda wa kutosha kufika mlangoni, halafu nikamwona amekaa juu ya ndoo nje, mgongo umemwinama, nikajua kwamba na yeye anamlilia baba yake. Sikujua niseme nini kwa watu wawili wanaogombana, kila mmoja na maiti wake wa kumlilia, nikarudi ndani.

Nilimshonea nguo za eda mwenyewe, nyeupe, mikono mirefu, bila hata lesi ya shingoni. Akavua bangili zake, zile nyembamba ambazo hazikuwahi kutoka mkononi hata akiugua. Hina ya vidoleni aliacha ikaisha yenyewe. Kioo kikageuzwa ukutani. Hakupaka mafuta yenye harufu, hakufukiza udi, hakutoka nje ila kwa haja. Na hakulaani. Hilo ndilo lililotushtua kuliko yote. Ugali uliungua, akanyamaza. Paa likavuja, tukahamisha kitanda, akanyamaza. Nyumba ile bila laana zake ilikuwa kama imehamwa.

Mchana mashine zilisikika mpaka ukutani mwa chumba chake. Baada ya mazishi zilikuwa zimeanza tena, na safari hii dereva alikuwa mwingine. Zilikwisha kata mahali palipokuwa na mdomo wa shimo, zikakata lundo linalofuka moshi, zikasogea. Bibi aliuliza wamefika wapi. Nilimdanganya kwamba bado wako mbali. Alijua nadanganya, kwa sababu vyombo kabatini vilikuwa vinagongana.

Mimi nilikuwa nakwenda kila Ijumaa na kurudi mjini Jumapili. Mama alihamia kwake kabisa. Waliongea mengi wawili wale, na nilikuta wakiacha kuongea nikiingia, jambo lililoniudhi. Mara moja tu mama aliniambia walichokuwa wakisema. Bibi alikuwa akimsimulia babu alivyokuwa: kwamba alicheka kwa pua, kwamba aliogopa bahari akawa anaosha miguu ufukoni mbio mbio kama kuku, kwamba alikuwa ameanza kuchonga kinu kidogo cha mtoto kabla mtoto hajazaliwa. Mama alikuwa anayasikia haya kwa mara ya kwanza akiwa na wajukuu. “Alikuwa nayo yote,” mama alisema, “alikuwa nayo muda wote, na akaninyima.” Sikuweza kujua kama ni hasira au ni kitu kingine. Nadhani hata yeye hakujua.

Mjomba hakukanyaga. Samaki walikuwa wanafika kila wiki kwa bodaboda, wamekwisha parwa magamba, hakuna salamu.

Bibi alianza kukohoa mwezi wa nne wa eda yake. Tulitaka kumpeleka hospitali ya Bombo, akakataa kutoka edani. Mama alimbembeleza, mimi niligomba, nikamwambia unajiua kwa ajili ya mtu ambaye Mungu mwenyewe hakudai. Akaniambia, “Mke mwenzangu, punguza mdomo. Zimebaki chache.” Usemi ule wa utani haukuwa na kicheko ndani yake safari hii. Alfajiri moja mama alimwamsha kwa sala, hakuamka. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Mjomba alifika kabla ya jua kupanda, bado na fulana ya sokoni. Hakuingia. Alisimama nyuma ya pazia la mlango, upande wa wanaume, tukimwosha mama yake ndani. Tulipomaliza maji ya mwisho, yule mwanamke mkubwa wa kuosha maiti alishika chupa ya marashi na kijaluba cha udi, akasita. Akaniuliza kwa sauti ya chini, lakini nyumba ilikuwa kimya, kila mtu alisikia: huyu alikuwa edani, tumtie manukato au tusimtie?

Nilimtazama mama. Mama alikuwa ameshika mguu wa bibi, hakuinua uso.

Shehe alijibu kutoka nje. Alisema kwamba kisheria hakuwa edani, na hata angekuwa, mauti hukata eda, kwa hiyo mtieni, hakuna ubaya, mtieni mzuri kabisa.

Mwoshaji akafungua kizibo.

“Msimtie,” mjomba alisema nyuma ya pazia. “Hajamaliza.”